Kona Iliyopanda Kabla ya Kushuka

Gari-nyumba lile, basi lenye nyumba ya kuishi ndani yake, lilikuwa likilala upande wa kushoto nyuma kila alfajiri, na mafundi wawili walikuwa wameshalipwa kulitibu. Wa kwanza alibadilisha mabegi ya upepo ya kona hiyo, yale ya mpira yanayolibeba gari badala ya springi, yote mawili. Wa pili akabadilisha vali ya kimo, ile inayoamua gari likae juu kiasi gani. Karibu dola 2,000 zilikwenda, na asubuhi iliyofuata gari likalala vilevile. Nilipoitwa mimi, wenyewe, mzee na mkewe, wastaafu wote wawili, walikuwa wameanza kuzungumzia kuliuza.

Nakiandika kisa hiki kirefu kwa sababu mafundi wetu wengi sasa wanashika magari yenye springi za upepo. Mimi mwenyewe nilijifunza kazi hii Mombasa, kwenye mabasi ya masafa marefu, kabla ya kuja Phoenix, Marekani. Basi na gari-nyumba ni ndugu wa damu ukiingia chini. Kosa lililofanyika hapa nimeliona pia likifanyika Changamwe: mtu anautafuta upepo unaotoka nje, akiukosa anaanza kubadilisha vipuri, na wakati wote upepo wenyewe unarudi ndani.

Gari lilikuwa Quartzsite, Arizona, mji mdogo wa jangwani kando ya barabara kuu ya I-10, mwendo wa saa mbili hivi magharibi ya Phoenix. Kiangazi hapakaliki kwa joto. Majira ya baridi mji unafurika magari-nyumba kutoka majimbo ya kaskazini na Kanada. Serikali imetenga ardhi ya kukaa muda mrefu huko, na msimu wake ni kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili. Ukipita hapo usiache kuona kaburi la Haji Ali, yule mchunga ngamia aliyeletwa na jeshi la Marekani mwaka 1856 kujaribu ngamia katika jangwa hili, akafia hapa mwaka 1902. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly, na ndivyo lilivyoandikwa kaburini. Juu ya mnara wake wa mawe amesimama ngamia wa shaba. Kila nikienda huko kwa kazi namsomea Fatiha.

Gari lenyewe lilitengenezwa mwaka 2006, urefu futi 40, uzito tani 14 hivi, injini ya dizeli nyuma. Ndani mna chumba cha kulala, jiko, choo na sebule. Chini ni chesi ya basi, yaani fremu inayobeba gari zima: breki za upepo, matangi ya upepo, na mabegi ya mpira badala ya springi za chuma. Watu wake hawaishi ndani kwa siku mbili tatu tu. Hawa walikuwa wamekaa mahali pamoja tangu Novemba.

Msomaji anaweza kuuliza: gari likiinama kidogo usiku, kuna nini? Mlango wa choo unajifunga wenyewe, mayai yanabingirika mezani, mtu analala kichwa kikiwa chini. Hayo yanavumilika. Tatizo kubwa ni friji. Friji nyingi za magari ya umri huu hazina kompresa. Zinatumia amonia inayochemshwa kwa moto wa gesi au kwa umeme, na kimiminika chake hurudi chini chenyewe kwa mteremko ndani ya vipaipu vyembamba. Gari likiinama kupita kiasi, kimiminika hutuama, kikapikwa pale pale kiliposimama, na baada ya muda vipaipu vinaziba kabisa. Kikomo cha mwinamo kinachotolewa kwa friji nyingi za aina hii ni nyuzi 3 upande kwa upande na nyuzi 6 mbele kwa nyuma. Hawa wazee asubuhi walikuwa wakikuta nyuzi 2 na ushee, na siku ya pili bila kuwasha injini wanaipita 3. Friji ya namna hii ni ghali kuliko yale mabegi yote.

Sasa tuingie chini, kwa maneno tu kwanza. Kompresa inazungushwa na gia za injini. Inajaza matangi hadi psi 120 au 130 hivi (psi ni kipimo cha presha, ratili kwa inchi ya mraba), kisha gavana, kifaa cha kudhibiti presha, anaizuia. Presha ikishuka karibu na 100 anairuhusu tena. Upepo ukitoka kompresa unapita kwenye draya, yaani kopo lenye katriji ya punje za kunyonya unyevu, ndipo uingie matangini. Matangi ya breki yanapewa haki ya kwanza. Upepo wa kazi nyingine zote unapita kwenye vali ya kulinda presha: matangi ya breki yakipungua mno, vali hiyo inafunga ili dereva asikose breki kwa sababu ya honi. Baada ya vali hiyo paipu inagawanyika. Katika gari hili tawi moja linakwenda kwenye honi, jingine kwenye kiti cha dereva ambacho nacho kinaelea juu ya upepo, na jingine linakwenda nyuma na mbele kulisha bloki, yaani makundi ya vali za kusawazisha.

Hapo kwenye bloki ndipo pa kuelewa. Gari lina hali mbili. Likiwa safarini, vali za kimo ndizo zinazotawala. Kila moja ina mkono mdogo uliofungwa kwenye ekseli: chesi ikishuka mkono unafungua upepo uingie, ikipanda unafungua upepo utoke. Dereva akiegesha na kubonyeza swichi ya kusawazisha, vali za kimo zinakatwa kabisa. Kuanzia hapo kila kona inalindwa na vali tatu za solenoidi, yaani zinazoendeshwa kwa umeme: ya kupandisha, inayounganisha tangi na begi; ya kushusha, inayounganisha begi na nje; na ya safari, inayounganisha begi na vali ya kimo. Zote tatu zikifunga, upepo wa begi umefungiwa kama maji chupani. Sensa inasoma mwinamo, kompyuta ndogo inafungua ya kupandisha hapa, ya kushusha pale, hadi pimamaji litulie katikati.

Ukilijua hilo tu, kazi ya fundi wa pili inaanguka. Gari lilikuwa likishuka likiwa limesawazishwa, kambini. Katika hali hiyo vali ya kimo iko nje ya mchezo. Ingeweza kuhusika kwa njia moja tu: vali ya safari iwe inavuja, upepo ufike kwenye vali ya kimo na utokee huko. Hilo lilikuwa la kupimwa kwanza, kwa dakika kumi, kabla ya kumuuzia mtu kipuri. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu mteja hana njia ya kujua. Anamwamini fundi kama mgonjwa anavyomwamini daktari.

Mzee alinieleza kama alivyowaeleza wenzangu: usiku gari linashuka kushoto nyuma. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni kimya. Nikamuuliza na yeye, mama, wewe umeona nini? Akaingia ndani, akatoka na daftari dogo. Kwa kuihofia friji, alikuwa ameweka pimamaji dogo sakafuni karibu nayo, na kila alipoamka usiku aliandika saa na mahali kiputo kilipokaa. Wiki tatu nzima. Na katika kurasa zote jambo moja lilijirudia: saa mbili, saa tatu, saa nne usiku kiputo kilikuwa kimekwenda kushoto. Kiputo cha pimamaji hukimbilia upande ulio juu. Kwa hiyo kona ya kushoto ilikuwa kwanza inapanda. Ni baada ya usiku wa manane ndipo ilipoanza kushuka.

Hakuna aliyemuuliza kabla yangu.

Nilikaa na daftari lile kwenye kiti cha turubai nikalisoma mara mbili. Begi lililotoboka halipandi. Vali ya kushusha inayovuja haipandishi gari. Fitingi mbovu, yaani kiungo cha paipu, haipandishi gari. Ili kona ipande injini ikiwa imezimwa na watu wamelala, lazima upepo uingie kwenye begi kutoka mahali penye presha kubwa kuliko begi, na mahali hapo ni pamoja tu: tangi. Mlango kati ya tangi na begi ni mmoja pia, nao ni vali ya kupandisha. Kama mlango huo haufungi vizuri, upepo utapita kuelekea upande wowote wenye presha ndogo. Tangi likiwa na 120 na begi 80, unaingia begini. Tangi likishuka hadi 60, unarudi ulikotoka.

Hiyo ilikuwa dhana, na dhana lazima ipimwe. Lakini kabla ya kipimo, neno moja la usalama, na nalisema kwa nguvu zote nilizo nazo. Usiingie chini ya gari lililobebwa na upepo. Usiweke hata mkono kati ya gurudumu na bodi. Begi likipasuka au vali ikifunguka, tani 14 zinashuka kabla hujavuta pumzi, na mafundi wamekufa hivyo. Tulizuia magurudumu kwa kabari, tukavuta breki ya mkono, tukaweka stendi nne za chuma chini ya chesi mahali palipoonyeshwa na waliolitengeneza gari, kila moja juu ya ubao mpana kwa sababu mchanga wa huko unadanganya. Kati ya stendi na chesi tuliacha nafasi ndogo, ya kutosha kona icheze tukiwa tunatazama, isitoshe kumbana mtu.

Nilikuwa na kijana anayenisaidia, mzaliwa wa Uvira, Kongo, mwepesi wa mikono na mwenye macho makali. Yeye huniita yaya, kama wanavyowaita kaka zao wakubwa. Nilimpa chupa ya maji ya sabuni na burashi, nikamwambia apake kila kitu cha kona ile: mabegi juu na chini, paipu, fitingi, bloki, vali ya kimo. Alichukua muda wake. Akatoka na vumbi kichwani.

“Yaya, hakuna povu. Hata moja.”

“Una hakika?”

“Nimepaka mara mbili. Pakavu kabisa.”

Hapa ndipo fundi wa kwanza alipopotea, na namwelewa. Hakuona povu, mteja anasubiri, gari linashuka, basi akaona heri abadilishe begi kwa kubahatisha. Sisi tulichukua ukavu ule kuwa ni habari. Kama hautoki nje, unakwenda wapi?

Nikachukua glavu mbili nyembamba za hospitali. Moja tukaifunga kwa mpira kwenye tundu la kutolea upepo la vali ya kushusha, nyingine kwenye tundu la vali ya kimo. Vali ya kushusha ikivuja hata kwa unyuzi, glavu itajaa vidole vyote. Vali ya safari ikivuja, ile ya pili itajaa. Ni kipimo cha bei ya chai, na hakuna chombo ninachokiamini zaidi ya hicho kwa uvujaji wa usiku kucha, kwa sababu hakichoki kusubiri.

Kisha geji mbili. Moja kwenye paipu ya begi la kushoto nyuma, nyingine kwenye paipu inayoilisha bloki, si kwenye dashibodi. Geji ya dashibodi inasoma matangi ya breki, na matangi ya breki yamekingwa na ile vali ya kulinda presha. Mzee alikuwa ameniambia kwamba asubuhi dashibodi husoma karibu 70 siku zote, ndiyo maana wenzangu walimhakikishia kuwa matangi hayana neno. Kweli hayakuwa na neno. Swali lilikuwa baada ya vali ile kuna nini.

Mfumo huu una uwezo wa kujirekebisha wenyewe usiku kwa kompresa ndogo ya umeme. Tukatoa fyuzi yake, maana kama kompyuta ingeamka saa saba usiku na kusahihisha mambo, tungepima kazi yake na si ugonjwa. Na ili kuondoa shaka ya umeme, nilishika mita nikapima waya wa koili, sumaku ya umeme inayoifungua vali ya kupandisha: volti sifuri. Baadaye usiku, kona ilipokuwa inapanda, nikachomoa plagi ya koili yenyewe. Iliendelea kupanda. Kwa hiyo hakuna waya uliogusana wala kompyuta iliyochanganyikiwa. Vali ilikuwa imepewa amri ya kufunga, nayo haifungi.

Tulipima kutoka ukingo wa bodi juu ya gurudumu hadi katikati ya gurudumu, kwa futikamba, tukiwa tumesimama nje. Saa kumi na moja jioni kona ya kushoto nyuma ilikuwa sentimita 52.0, paipu ya kulisha psi 122, begi 78. Saa moja usiku: 53.2, na presha ya kulisha 110. Saa tatu: 54.1, presha 98. Saa tano: 54.3, presha 87. Mbio za kupanda zilikuwa zimekwisha. Saa nane usiku, kijana ndiye aliyekuwa zamu, aliandika 52.6, presha 70. Saa kumi na mbili asubuhi kona ilikuwa 43.0 na paipu ya kulisha 52. Glavu zote mbili zilikuwa zimelegea, zinaning’inia kama tulivyoziacha.

Tazama mahali pa kugeuka. Kona ilipanda muda wote ambao presha ya kulisha ilikuwa juu ya 78, ikageuka ilipopita hapo, na 78 ndiyo presha ya begi lenyewe. Kuna jambo hapa linalowababaisha wengi. Begi likiongezewa upepo, presha yake haiongezeki sana, kwa sababu presha ya begi inaamuliwa na mzigo uliokaa juu yake. Kinachoongezeka ni kimo. Ndiyo maana geji ya begi ilikaa karibu na 78 wakati kona inapanda sentimita mbili. Anayetazama geji ya begi peke yake atasema hakuna kinachotokea.

Kona nyingine tatu nazo zilishuka, kila moja kama sentimita 1.5. Kijana aliingiwa na wasiwasi kwamba zote zinavuja. Hapana, hiyo ni baridi. Jangwani jua likizama joto linaporomoka. Jioni ile ilikuwa nyuzi 24, alfajiri 4. Hewa iliyofungiwa inasinyaa kwa kadiri inavyopoa, na nyuzi 20 zinapunguza ujazo wake karibu asilimia 7. Kama nguzo ya upepo ndani ya begi ni sentimita 25 hivi, asilimia 7 yake ni sentimita 1.7. Tulichokipima kinalingana na hesabu hiyo vizuri. Kila anayemiliki gari la namna hii alijue hilo, asije akalipa fundi kutibu usiku wa baridi. Alama yake ni moja: baridi inazishusha kona zote pamoja.

Ilibaki kuthibitisha kwa jicho. Asubuhi tuliwasha injini, tukajaza matangi, tukasawazisha gari, tukazima. Kisha tukafungua vizibo vya matangi na kumwaga upepo wote. Presha ya kulisha iliposhuka chini ya 78, kona ya kushoto nyuma ikaanza kushuka mbele ya macho yetu, taratibu, na zile nyingine zikabaki. Mzee alisimama nyuma yangu akishika kofia yake. Nikavaa miwani, nikailegeza paipu ya kulisha pale inapoingia kwenye bloki na kuichomoa. Upande wa paipu kulikuwa kimya, tangi ni tupu. Upande wa bloki upepo ulikuwa unatoka mfululizo, wa baridi, ukapeperusha vumbi kwenye ekseli. Upepo wa begi ulikuwa unatokea kwenye mlango wa kuingilia. Kona ikashuka hadi ikakaa juu ya stendi.

Mlango huo wa kuingilia ulitakiwa uwe na ulimi, vali ndogo inayoruhusu upepo kuingia tu. Nilipoifungua nikakuta jibu la pili: ulimi umeganda wazi, umezungukwa na unga mweupe mlaini kama unga wa mhogo. Nikatoa katriji ya vali ya kupandisha, yaani kiini chake cha ndani. Unga uleule, umechanganyika na mafuta ukawa kama ugoro, na mpira wa kuzibia una mkwaruzo kutoka ukingo hadi ukingo.

Unga ule hautoki jangwani. Ni punje za draya zilizosagika. Nilimuuliza mzee mara ya mwisho katriji ya draya ilibadilishwa lini. Alikuwa amelinunua gari miaka saba nyuma kutoka kwa mtu mwingine, na hajawahi kuigusa, wala hakuna aliyemwambia. Kwa kawaida inabadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ikipita muda wake, punje zinalowa, zinasuguana kwa mtikisiko, zinageuka unga, na kila kompresa inapojaza matangi unga unasafiri. Tulipofungua kizibo cha tangi la kwanza yalitoka maji kama maziwa yenye mafuta, nusu kikombe. Hapo nilijua kwamba kubadilisha vali peke yake kungekuwa sawa na kufagia nyumba ukiacha dirisha wazi wakati wa kusi.

Lakini kisa kilikuwa bado na fundo moja. Kwa nini presha ya kulisha ilikuwa inashuka kutoka 122? Kama ingekaa juu, kona ingepanda tu na isingerudi. Uvujaji wenyewe ulikuwa mdogo mno: psi 52 kwa saa tisa, kama sehemu moja ya kumi ya psi kwa dakika. Madereva wa malori Marekani wanafundishwa kwamba gari lisilo na tela halipaswi kupoteza zaidi ya psi 2 kwa dakika injini ikiwa imezimwa. Gari hili lingefaulu kipimo hicho asubuhi na jioni. Barabarani uvujaji huo si kitu. Kambini, pamoja na vali isiyofunga, unatosha kuliangusha gari.

Tulirudi na sabuni, safari hii tukifuata paipu ya kulisha na matawi yake. Honi, pakavu. Bloki za mbele, pakavu. Kijana aliingia ndani, akalala kifudifudi mbele ya usukani, akaniita. Chini ya kiti cha dereva, kwenye fitingi ya kiti, povu lilikuwa linachanua polepole, viputo vidogo vidogo. Paipu ilikuwa imekatwa mshazari na aliyeifunga, sili, yaani mpira wa kuzibia, inaishika upande mmoja tu.

“Kumbe upepo wa gurudumu la nyuma unatokea hapa,” alisema, bado amelala chini. Ni kweli. Ulikuwa unasafiri mita kumi, kutoka begi la kushoto nyuma, kupitia vali isiyofunga, kupitia ulimi ulioganda, mbele kabisa hadi chini ya kiti. Ndiyo maana sabuni ya watu watatu haikuonyesha kitu kule nyuma.

Matengenezo yenyewe sina mengi ya kusema juu yake, yalikuwa ya nusu siku. Katriji mpya ya vali ya kupandisha, ulimi mpya. Paipu ya kiti tukaikata sawasawa kwa kisu chake na kuiweka kwenye fitingi mpya. Draya ikapata katriji mpya. Matangi yote tukayamwaga, tukayajaza, tukayamwaga tena mara tatu hadi yakatoa upepo mkavu. Paipu ya kulisha tukaipuliza kabla ya kuiunganisha. Bloki nyingine tatu nilizifungua zote, nikazisafisha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Mbili zilikuwa na unga, bado haujazikwaruza sili. Nilimwambia mzee ukweli: zimesafishwa, si mpya, na kama unga uliobaki ndani ya paipu utazifikia, dalili itakuwa ileile, kona itapanda kwanza. Nikamwonyesha mama namna ya kuisoma kwenye pimamaji, ingawa yeye ndiye aliyenifundisha.

Mabegi mapya na vali mpya ya kimo tuliviacha mahali pake. Havikuwa na kosa. Mabegi ya zamani, yaliyokuwa bado kwenye boksi nyuma ya gari, niliyajaza upepo na kuyatia kwenye ndoo ya maji. Hayakutoa hata kiputo.

Usiku ule tulirudia vipimo vyote kwa saa zilezile. Presha ya kulisha iliisha usiku ikiwa 113. Kona ya kushoto nyuma ilitoka 52.0 hadi 50.6, ya kulia 51.8 hadi 50.4, na za mbele nazo ziliteremka vivyo hivyo. Ilikuwa baridi peke yake.

Wiki tatu baadaye mama alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Alikuwa ameendelea kuandika, lakini safu ya usiku wa manane ilikuwa tupu. Pembeni alikuwa ameandika kwamba siku hizi analala hadi asubuhi.